Ukurasa wa Mia na Arobaini na Tatu

Katika idara ile palikuwa na vitu viwili visivyofanya kazi, mashine ya kunakili na Profesa, na tofauti yao ni kwamba mashine ilikuwa imebandikwa karatasi ya kusema hivyo.

Si kwamba Profesa hakuwa na shughuli. Shughuli alikuwa nazo tele. Asubuhi alipokea simu, mchana alipiga simu, na alasiri alihojiwa redioni kuhusu Zamu ya Umri, nadharia iliyompa jina, kiti cha kuzunguka na tabia ya kusema "sisi" akimaanisha yeye. Nadharia yenyewe ingeenea nyuma ya risiti: kwamba tangu zamani watu wakikutana kwenye maji, mkubwa huchota kwanza na mdogo husubiri, na kwamba utaratibu huo haujawahi kuvunjwa. Kwa sentensi hiyo moja alikuwa ameishi miaka ishirini na miwili, akiigeuza chali na kifudifudi kila palipoitishwa kongamano.

Sasa chuo kilitaka kumpa mradi mpya, wa zamu ileile. Kabla ya kuupitisha, kamati ya utafiti iliagiza bibliografia yenye maelezo, yaani orodha ya maandishi yote yanayohusika, na chini ya kila moja aya fupi ya kueleza linasema nini na litausaidia nini utafiti. Maandishi yalikuwa sitini na manne. Kazi hiyo, kwa kuwa ilihitaji kusoma, alipewa Mnong'ono.

Jina hilo alimbandika Profesa mwenyewe. Siku ya kwanza ya masomo ya uzamili alimwuliza swali, na msichana akajibu kwa sauti iliyofika mstari wa pili wa viti ikachoka. "Mwaka huu tumeletewa mnong'ono," Profesa alisema, darasa likacheka, na kuanzia siku hiyo hata karani wa idara alimwandika hivyo kwenye orodha ya chai. Hakulipenda, lakini kulikataa kungehitaji sauti.

Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alitaka kitu kimoja tu mwaka ule: kuhama. Mwalimu wa Takwimu, mama mfupi wa ghorofa ya pili aliyesifika kwa kurudisha kazi za wanafunzi zikiwa zimejaa wino mwekundu, alikuwa amekubali kumchukua. Nafasi ilikuwa moja, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Kilichobaki ni fomu, na kwenye fomu palihitajika saini ya msimamizi anayeachwa.

Hapo ndipo palipokuwa na kizungumkuti. Profesa alishika wanafunzi kama watu wengine wanavyoshika miavuli ya kuazima: hakuwatumia, na hakuwarudisha. Mfano ulikuwepo, unatembea. Aliitwa Mkoba, mwanamume wa miaka thelathini na sita, baba wa mapacha, ambaye aliingia idarani kuandika tasnifu na sasa ulikuwa mwaka wa sita akibeba mkoba wa Profesa kutoka garini hadi ofisini na kutoka ofisini hadi garini. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili.

"Fomu yako nimeiona," Profesa alimwambia Mnong'ono Jumatatu ile, bila kuitazama. "Unatukimbia."

"Hapana, Profesa. Ni kwamba mada yangu..."

"Maliza bibliografia. Kamati inakaa Ijumaa saa nne. Ikipita, nakusainia palepale mlangoni. Isipopita, tutaonana mwakani."

"Ahsante, Profesa."

"Nini?"

"Ahsante."

"Huyu siku moja atatufia humu na hatutasikia," Profesa alimwambia Mkoba. Mkoba akacheka, maana kucheka kulikuwa sehemu ya mzigo.

Kusoma, Mnong'ono alikuwa ameanza wiki tatu kabla. Wengine wangesoma mihtasari, wakanusa mwanzo na mwisho, wakaandika aya. Yeye hakuweza, na si kwa ushujaa. Kamati ilikuwa na sharti kwamba ukurasa wa kwanza wa orodha ubebe jina la aliyeiandaa na maneno haya: "Nimesoma kila andiko lililotajwa humu." Akayawazia maneno hayo juu ya jina lake la kuzaliwa, lile alilompa bibi yake, na akasoma kila andiko toka mwanzo.

Kufikia Jumanne mchana alikuwa ameshajua siri ya maandishi sitini na manne, nayo haikuwa kubwa. Andiko la tisa lilinukuu la kumi na mbili. La kumi na mbili lilinukuu la thelathini. La thelathini lilimshukuru mwandishi wa la tisa kwa urafiki wake. Walikuwa wakipitishiana sentensi ileile kama wageni wanaopitishiana bakuli tupu, kila mmoja akiramba kijiko na kusema tamu. Arobaini na moja kati yao walitoa ushahidi mmoja, kitabu cha zamani cha mpima ardhi fulani aliyezunguka nyanda kavu akiandika habari za maji. Na wote arobaini na moja, kuanzia Profesa hadi wa mwisho kumvisha kilemba cha ukoka, walitaja ukurasa mmoja. Mia na arobaini na tatu.

Hakuna aliyenukuu hata neno moja la mpima mwenyewe. Walisema tu "kama anavyobainisha." Akaenda maktaba kukitafuta.

Mkutubi alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu mibovu, aliyekaa mezani bila viatu, soksi mbili za rangi tofauti, akifuma kitu cha sufu ambacho hakikuwahi kuisha. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na hakuona sababu ya kumwogopa mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema tena unachotaka, na safari hii fungua mdomo."

Mnong'ono akamwonyesha karatasi yenye namba ya kitabu. Mkutubi akaisoma, akaweka sindano chini.

"Huyu," alisema. "Nakala ni hii moja tu. Nimekitunza miaka thelathini. Kina bahati kweli, kila mtu anakipenda na hakuna anayekigusa."

Alikileta mwenyewe, akiburuza soksi. Kilikuwa kitabu kinene, jalada la kitambaa cha kijani, safi kupita kiasi kwa umri wake. Mnong'ono alifungua nyuma kwanza. Kwenye mfuko wa jalada palikuwa na kadi ya kuazimia yenye saini saba, zote za mtu mmoja. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mwanafunzi, imejikunyata kwenye mstari wake. Ya tatu ilikuwa imetanguliwa na "Dkt." Ya saba ilikuwa "Profesa," na mkia wake uliteremka ukala mistari miwili ya chini.

"Amekisoma mara saba," Mnong'ono alisema.

"Amekiazima mara saba. Fungua ukurasa wako."

Haukufunguka. Alidhani kurasa zimegandana kwa unyevu, akapuliza, akajaribu kwa ukucha. Kisha akaona. Kitabu kilikuwa cha zile chapa za zamani ambapo karatasi kubwa ilikunjwa, ikashonwa, na mnunuzi akaachiwa kazi ya kuikata mikunjo kwa kisu kadiri anavyosoma. Utangulizi ulikuwa umekatwa, vibaya, pengine kwa rula. Faharasa iliyokuwa mwisho haikuhitaji kukatwa. Katikati yake, kurasa zaidi ya mia tatu zilikuwa zimefungwa juu na pembeni, kama bahasha ambazo hazijafika kwa mwenyewe. Ukichungulia kwa chini uliona giza na kipande cha neno.

Akarudi kwenye faharasa, akateremsha kidole hadi herufi ya mwisho. *Zamu, kwenye kisima, 143.*

Alikaa akiutazama mstari ule. Hapo ndipo penyewe. Miaka ishirini na miwili, redio, makongamano, kiti cha kuzunguka, vyote vilikuwa vimekaa juu ya mstari mmoja wa faharasa. Mtu alisoma utangulizi, akaruka kitabu kizima, akaokota namba, na yaliyobaki akajaza kichwani mwake. Wengine arobaini waliokota kwake.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mimi ni mkutubi. Najua vitabu viko wapi. Aliyetakiwa kujua vina nini ni yeye." Mkutubi alivuta mtoto wa meza, akatoa kisu cha kupakia siagi. "Chukua. Kikali kitapotea njia na kukata maneno. Kibutu ndicho kinachofuata mkunjo. Lakini ngoja kwanza." Akafungua daftari la maktaba, akaandika tarehe, jina la kitabu na maneno "kurasa zimefunguliwa kwa idhini yangu," akatia saini. "Kanuni ya kumi na saba. Haijawahi kutumika tangu niajiriwe, maana hakuna aliyewahi kufika katikati."

Karatasi ilikatika kwa sauti laini. Mnong'ono alikata polepole, mkunjo baada ya mkunjo, akisoma kila alichofungua, mito, madaraja, kina cha visima kwa pima. Mpima ardhi alikuwa mtu mkavu na mwangalifu. Aliandika "nilipima" pale alipopima na "niliambiwa" pale alipoambiwa. Jioni ilikuwa inakaribia alipofika ukurasa wa mia na arobaini na tatu, na ulisema hivi:

*Kuhusu zamu kwenye kisima, jambo nililokusudia kulieleza kwa kirefu, sina la kusema. Siku tatu nilizotenga mvua ilinyesha bila kukoma na njia ikawa tope. Aliyekuwa anipeleke aliumwa jino. Mwenyeji wangu anasema watu wa pale hugombana sana, lakini kwa kuwa sikuona, siandiki. Namwachia atakayekuja baada yangu, na ninamwomba afike.*

Alisoma mara mbili. Mara ya kwanza alitaka kucheka. Mara ya pili alimfikiria mtu yule aliyekwama kwenye mvua na akakiri, peke yake kati ya waandishi sitini na wanne, kwamba alikwama. Alikuwa ameomba kitu kidogo. Waliokuja baada yake walifika hadi faharasa.

Alhamisi asubuhi bomba la nyumbani lilikuwa limekauka, kama kila Alhamisi, na Mnong'ono alimsaidia mama yake mkubwa kubeba ndoo hadi bomba la mtaa. Mama mkubwa ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la nne. Alikuwa fundi cherehani, mwenye sauti ya kutosha wawili, na watu walisema ile ya mtoto aliichukua yeye.

Foleni ilikuwa imeshapinda kona. Mbele yao alisimama bibi mmoja mkongwe mwenye kidumu cha njano, na kila baada ya muda mtu alipita kando yake akasogeza ndoo mbele kana kwamba bibi ni nguzo.

"Mama mkubwa," Mnong'ono aliuliza, "hapa nani huchota kwanza?"

"Mwenye kiwiko."

"Si mkubwa kwa umri?"

Mama mkubwa alimgeukia taratibu. "Nani kakwambia?"

"Profesa. Ndiyo nadharia yake."

"Huyo wa redioni? Nilijua tu. Mtu akiongea laini vile ujue anachotewa." Aliinua sauti ili foleni nzima ifaidike. "Jamani, kuna profesa anasema hapa mkubwa huchota kwanza."

Foleni ilicheka kuanzia bombani hadi konani. "Basi mwambie aje amsimamie bibi huyu," alisema mwanamke mwenye ndoo mbili, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amempita bibi huyohuyo. Bibi naye alicheka, bila meno, na katika kicheko hicho akaburuza kidumu chake hatua tatu mbele ya wote.

"Umeona?" alisema mama mkubwa. "Na yeye ana kiwiko. Sasa mbona umenuna? Shule imekufanya nini?"

Mnong'ono alimwambia, ndoo kichwani, njiani. Alimwambia habari za kitabu, mikunjo, fomu, Ijumaa. Akiandika kweli, Profesa hatasaini, na yeye ataishia kubeba mkoba. Akiandika kama wenzake, atasainiwa, ila jina lake litakuwa chini ya uongo.

"Jina lipi? Hilo la kunong'ona?"

"Langu. Alilonipa bibi."

Mama mkubwa alifika mlangoni kwanza. "Mimi sikuwahi kusoma," alisema, akitua ndoo. "Lakini nikishona nguo ya mtu nampima. Sichukui vipimo vya jirani yake. Ingia ukaoge, utachelewa."

Chuoni alimkuta Mkoba amekaa ngazini, mkoba mapajani, akingoja gari. Ndiye mtu pekee ambaye angeweza kumshauri, kwa kuwa miaka sita iliyopita alipewa kazi hiyohiyo.

"Kaka," alimwambia, "kile kitabu cha mpima. Wewe ulikisoma?"

Mkoba alitazama viatu vyake. "Nilikishika."

"Kurasa zilikuwa hazijakatwa."

"Najua."

"Ukafanyaje?"

"Nikafunga. Nikaandika 'kama anavyobainisha.'" Akajaribu kutabasamu. "Dada, sikiliza. Andika aya tatu tamu, sainiwa, nenda zako. Mimi nina watoto. Na hakuna anayesoma maelezo yale. Ni mapambo."

"Na wewe akakusainia?"

Gari lilikuwa linaingia. Mkoba alinyanyuka haraka, akapangusa mkoba kwa kiwiko cha shati. Mnong'ono alimwangalia akikimbia kufungua mlango wa gari, na kitu kikamwinukia kifuani ambacho hakukijua kwa kuwa hakuwahi kuwa nacho kwa binadamu mwenzake. Kilikuwa dharau. Kilimtisha. Lakini hakikuondoka, na alipokaa kuandika kilikaa naye mezani kimya, kikishika karatasi zisipeperuke.

Aliandika aya zote kwa usawa, bila tusi. Andiko la tisa: "Linakubaliana na la kumi na mbili, halina ushahidi wake." La thelathini: "Lina shukrani ndefu." Alipofika kitabu cha mpima, namba thelathini na saba, aliandika mara moja, hakufuta.

Profesa alipokea kazi jioni hiyohiyo. Aliipima mkononi kama mtu anayepima nyama. "Kurasa hamsini na mbili," alisema, ameridhika. "Kazi nzito." Akampa Mkoba aiweke mkobani.

Mnong'ono hakulala vizuri, akijipangia maneno ya kujitetea akiitwa asubuhi. Hakuitwa.

Ijumaa saa nne kamati ilikaa. Ilikuwa na wajumbe saba, na kwa kawaida ya chuo ilihitaji pia mwakilishi wa maktaba, kwa hiyo mkutubi alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa viatu kwa heshima ya siku. Mnong'ono alipewa kiti nyuma ya Mkoba. Mwenyekiti, mwanahistoria aliyeacha kuandika alipopewa ofisi yenye zulia, alikuwa akitafuna peremende. Mjumbe mmoja alisoma simu chini ya meza. Mwingine alikuwa amefumba macho ili kufikiri, na kufikiri kwake kulikuwa na mkoromo kidogo.

"Ndugu wajumbe," Profesa alianza kwa sauti yake ya redioni, "tumeandaa bibliografia ambayo haina mfano. Naomba niwasomee ingizo moja tu mwonje. Msingi wa yote. Thelathini na saba."

Mnong'ono alishika ukingo wa kiti. Katika maandishi sitini na manne alijua, tangu alipoandika, kwamba Profesa angechagua lile.

"'Mwandishi, aliyekuwa mpima ardhi,'" Profesa alisoma, mkono mmoja hewani, "'anaeleza mito, visima na madaraja ya nyanda alizopita. Ukurasa wa mia na arobaini na tatu umetajwa na maandishi arobaini na moja ya orodha hii kuwa ushahidi wa zamu ya umri.'" Akatua, akawatazama wajumbe ili namba hiyo iwaingie. "'Katika ukurasa huo mwandishi anasema kwamba hakufika kisimani.'"

Mkono ulibaki hewani. Sauti iliendelea yenyewe kwa mazoea, kama baiskeli iliyoachwa mteremkoni.

"'Mvua ilinyesha. Nakala ya maktaba, ambayo ni ya pekee, ilikuwa na kurasa zisizokatwa hadi Jumanne ya wiki hii.'"

Kila neno lilitoka dogo kuliko lililolitangulia.

"Sauti, Profesa," alisema mwenyekiti, akihamisha peremende shavu la pili.

"'Kitabu,'" alisoma Profesa, "'kina manufaa kwa utafiti, kwa kuwa kinaonyesha namna ya kuandika pale mtu asipojua.'"

Mnong'ono aliona shingo ya Mkoba ikianza kulowa. Mkutubi alikuwa ametoa ufumaji wake na anahesabu vifundo. Profesa alikohoa, akakunja ukurasa, na redio ikarudi mitamboni.

"Kama mnavyoona," alisema, "ni jambo ambalo sisi tumelisisitiza siku zote."

"Naam," alisema mwenyekiti. "Ukurasa wa ngapi vile?"

"Mia na arobaini na tatu."

Mwenyekiti akaandika. Mjumbe wa simu akaandika. Aliyekuwa akifikiri aliamka, akachungulia daftari la jirani, akaandika naye. Mradi ukapita kwa kauli moja saa nne na dakika kumi na nane, na chai ikaletwa.

Mnong'ono alikuwa ametarajia mengi, kelele, kufukuzwa, pengine haki. Hakutarajia hili. Alitazama zile kalamu zikirudishwa mifukoni, akaona vitabu vyote vitakavyoandikwa kutokana na ule mwandiko, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni hakuogopa mtu yeyote chumbani mle. Haiwezekani kuogopa watu unaowajua kiasi hicho.

Profesa alimkuta Mnong'ono mlangoni, ameshika fomu.

"Wewe," alisema chinichini, akimsogelea. "Umeharibu mali ya chuo. Kitabu cha kale, nakala ya pekee, umekichana kwa kisu. Hilo ni kosa la nidhamu. Fomu yako utaila."

"Hakukichana," alisema mkutubi, aliyekuwa nyuma yao akivua kiatu cha kushoto. "Alifungua, kwa kanuni ya kumi na saba, na idhini yangu iko daftarini. Nidhamu wakiniita nitakuja na daftari. Na kitabu. Na kadi yake ya kuazimia, Profesa, maana watataka kujua kabla yake kilikuwa kwa nani." Alivua na cha kulia. "Ni saini saba. Nzuri sana. Zinakua."

Profesa alimtazama, akatazama soksi zake, akageuka kwa Mkoba kama vile kulikuwa na kitu mkobani cha kumsaidia. Wajumbe walikuwa wanatoka na vikombe vyao. Mwenyekiti alipita, akampiga bega, akamwambia hongera.

"Lete," Profesa alisema, akinyoosha mkono. "Lete hiyo fomu uniondokee. Huko kwa Takwimu ukahesabu mawe."

Mnong'ono hakumpa mara moja. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa "Sababu za kuomba kuhama," nao aliujaza jana baada ya aya ya thelathini na saba, kwa wino uleule.

"Profesa, naomba uisome kwanza," alisema. Alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye birika la chai. "Kuna sababu nimeandika. Sitaki useme hukuambiwa."

"Nimeshasoma vya kutosha leo," alisema Profesa. Akaegemeza fomu mgongoni mwa Mkoba, akasaini. Mkia wa saini uliteremka ukakatiza sababu yenyewe, iliyokuwa maneno mawili: *Msimamizi hasomi.*

Mkoba, ameinama bado, aligeuza shingo akamwangalia Mnong'ono. Alikuwa ameyaona yale maneno fomu ilipopita mbele ya uso wake. Profesa alipoanza kutembea, Mkoba alichelewa hatua mbili, tatu, kabla ya kumfuata.

Ghorofa ya pili, Mwalimu wa Takwimu alivaa miwani akaipokea fomu kwa mikono miwili. Alianza juu kabisa, kwenye jina la chuo. Alisoma tarehe. Alisoma jina la msichana, akalitamka taratibu ili asilikosee, lile la bibi. Alifika kwenye sababu, akasita, akasoma saini iliyoikatiza, na pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo sana. Aliendelea na maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu huyasoma, kidole kikifuata mstari.

Mnong'ono alisimama akimngoja. Hakuwa na haraka. Mwalimu alipomaliza aligeuza karatasi upande wa pili, ambao haukuwa na kitu, akautazama nao pia.